Mgeni Asiyebisha Hodi: Lugha ya Uvamizi wa Chekoslovakia, 1968

Utangulizi

Mtahiniwa akiulizwa aeleze maana ya tasfida, mara nyingi atatoa mifano miwili mitatu aliyokaririshwa: kujifungua badala ya kuzaa, kwenda haja badala ya kunya, kuaga dunia badala ya kufa. Mifano hiyo ni sahihi na atapata alama zake. Hata hivyo, inamwachia dhana kwamba tasfida ni adabu ya kusetiri aibu tu. Makala haya yananuia kukuonyesha kwamba tasfida ina kazi nyingine, nzito zaidi: huweza kuvusha majeshi mpaka. Dola kubwa linapotaka kuingia kijeshi katika nchi jirani yenye msukosuko wa kisiasa, maneno hutangulia na vifaru hufuata.

Tutalichunguza jambo hili kupitia tukio moja. Usiku wa tarehe 20 kuamkia tarehe 21 Agosti 1968, majeshi ya Muungano wa Kisovieti, yakisaidiwa na ya Polandi, Hungaria na Bulgaria, yaliivamia Chekoslovakia. Huenda ukauliza, mwalimu wa fasihi ya Kiswahili ana haja gani na habari za Ulaya? Zipo sababu mbili. Kwanza, siri za uvamizi huo zilifichuliwa baadaye, hivyo tunaweza kulinganisha yaliyosemwa hadharani na yaliyotendwa faraghani. Pili, mgogoro wenyewe ulichochewa pakubwa na waandishi, na mmoja wao, mtunzi wa tamthilia, hatimaye alikuja kuwa rais wa nchi hiyo. Kisa hiki basi ni cha lugha na fasihi kama kilivyo cha siasa.

Usuli wa Mgogoro

Chekoslovakia iliundwa mwaka 1918, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1939 Ujerumani ya Hitler ilikamilisha kuinyakua. Mnamo 1945 majeshi ya Kisovieti yaliikomboa sehemu kubwa ya nchi hiyo, na wananchi wakayalaki kwa maua. Tafadhali likumbuke neno hilo 'kukomboa', kwa kuwa mwaka 1945 lilikuwa na ukweli ndani yake. Mnamo Februari 1948 Chama cha Kikomunisti kilitwaa mamlaka yote, na mwaka 1955 nchi ikajiunga na Mkataba wa Warsaw. Mkataba huo ulikuwa wa kujilinda dhidi ya adui kutoka nje. Haukutaja popote kwamba wanachama wangemvamia mwanachama mwenzao.

Kufikia miaka ya sitini uchumi ulikuwa umedorora, Waslovaki walinung'unika kwamba Wacheki wamewatawala, nao waandishi walichoshwa na udhibiti wa maandishi. Mnamo Juni 1967 Umoja wa Waandishi ulifanya kongamano lake jijini Prague. Milan Kundera, Ludvík Vaculík na Václav Havel walikuwa miongoni mwa waliosimama na kuukosoa utawala bila kumung'unya maneno. Serikali ilijibu kwa kuupokonya Umoja huo gazeti lake la fasihi na kulikabidhi kwa wizara. Badala ya kuzima moto, hatua hiyo iliupepea.

Tarehe 5 Januari 1968 Antonín Novotný aliondolewa katika uongozi wa chama na nafasi yake ikatwaliwa na Alexander Dubček, Mslovaki aliyekulia Muungano wa Kisovieti na ambaye hakuwa adui wa ukomunisti hata kidogo. Mnamo Aprili chama kilitoa Mpango wa Utekelezaji ulioahidi uhuru wa kusema, wa kukutana na wa kusafiri, pamoja na mageuzi ya kiuchumi. Dubček alitaka ujamaa wenye sura ya utu. Mwezi Juni sheria ya kudhibiti maandishi ilifutwa. Kipindi hiki ndicho kinachojulikana kama Majira ya Kuchipua ya Prague.

Tarehe 27 Juni Vaculík alichapisha tamko lililoitwa Maneno Elfu Mbili. Lilitiwa sahihi na watu mashuhuri kadhaa, akiwemo Emil Zátopek, mwanariadha aliyenyakua dhahabu tatu mjini Helsinki mwaka 1952, katika mita 5,000, mita 10,000 na marathoni. Tamko hilo liliwahimiza wananchi wasingoje mageuzi yaletwe kutoka juu. Liliposomwa Moscow, halikupokelewa kama insha ya mwandishi, bali lilitajwa kuwa ithibati ya kuwepo kwa njama ya kuupindua ukomunisti. Zingatia jambo hili, msomaji: viongozi wa dola hilo walielewa nguvu ya fasihi kuliko wengi wetu tunaoifundisha.

Hatua za Uvamizi na Msamiati Wake

Uvamizi haukuzuka kama radi. Ulipitia hatua nne, na kila hatua ilikuwa na neno lake la kuivika nguo.

Hatua ya kwanza ilikuwa ya 'wasiwasi wa kindugu'. Tarehe 14 na 15 Julai viongozi wa Muungano wa Kisovieti, Polandi, Ujerumani Mashariki, Hungaria na Bulgaria walikutana mjini Warsaw bila Dubček. Walimwandikia barua ya pamoja wakidai kwamba yanayotendeka Chekoslovakia si tena shauri la Chekoslovakia peke yake, bali la nchi zote za kisoshalisti. Ukiichunguza kauli hiyo utaona kwamba kazi kubwa imekwisha kufanyika. Pindi msukosuko wa jirani unapoitwa 'shauri letu sote', mpaka umefutwa kwenye karatasi kabla haujavukwa ardhini.

Hatua ya pili ilikuwa ya 'mazoezi'. Mwezi Juni majeshi ya Mkataba wa Warsaw yaliingia Chekoslovakia kwa zoezi la pamoja lililopewa jina Šumava. Zoezi lilipokwisha, askari wa Kisovieti hawakuondoka upesi. Waliahirisha safari mara hii na mara ile, na wa mwisho walitoka mwanzoni mwa Agosti tu. Wakati huohuo mazoezi mengine yalikuwa yakiendelea kando ya mipaka. Faida ya mazoezi kwa dola kubwa ni dhahiri: makamanda huzijua barabara, madaraja na viwanja vya ndege, askari na mafuta huwekwa karibu, nao wananchi huzoea kuyaona magari ya kijeshi hadi wasishtuke tena.

Hatua ya tatu ilikuwa ya 'mwaliko'. Hii ndiyo kiini cha kisa chetu. Sheria ya kimataifa hairuhusu nchi kuingiza jeshi katika nchi nyingine ipendavyo, ila serikali halali inaweza kuomba msaada. Kwa hiyo dola linalotaka kuingia huhitaji mtu wa kulialika. Tarehe 3 Agosti 1968 viongozi wa pande zote walikutana mjini Bratislava, wakakumbatiana na kutia sahihi azimio la urafiki. Siku hiyohiyo barua ya siri ilikabidhiwa kwa upande wa Kisovieti. Ilikuwa imetiwa sahihi na viongozi watano waliompinga Dubček: Vasil Biľak, Alois Indra, Drahomír Kolder, Oldřich Švestka na Antonín Kapek. Waliiandika kwa Kirusi, wakaomba msaada kwa kila njia iliyopo, na wakasihi barua ifichwe kabisa. Kwa mujibu wa maelezo ya Petro Shelest, kiongozi wa chama nchini Ukraina wakati huo, barua ilipitishwa msalani kwa mkono wa ofisa wa ujasusi. Hapa tasfida ya mwanafunzi wetu na tasfida ya dola zilikutania mlango mmoja.

Jiulize, msomaji: watu hao watano walikuwa nani? Hawakuwa serikali wala bunge. Rais, waziri mkuu na katibu wa kwanza wa chama hawakujua lolote. Mwaliko halali hutolewa na mwenye nyumba, tena mlangoni, si na mpangaji mmoja kupitia dirisha la nyuma. Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika kisa hiki mgeni alikuja ili mwenyeji aondolewe.

Hatua ya nne ilikuwa ya 'msaada'. Uamuzi wa mwisho ulifanywa Moscow tarehe 17 Agosti. Usiku wa tarehe 20, mwendo wa saa tano, vifaru vilianza kuvuka mipaka kutoka pande kadhaa. Uwanja wa ndege wa Prague ulitekwa na askari waliotangulizwa, kisha ndege kubwa za mizigo zikatua mfululizo zikishusha watu na magari ya kivita. Asubuhi ya pili vituo vikuu vya mawasiliano, madaraja na majengo ya serikali vilikuwa vimezingirwa. Majeshi yaliyoingia yalizidi askari 200,000, wakiwa na maelfu ya vifaru. Jeshi la Chekoslovakia liliamriwa libaki kambini. Dubček na wenzake walikamatwa katika makao makuu ya chama na kupelekwa Muungano wa Kisovieti.

Ikumbukwe kwamba vikosi vikuu vya Ujerumani Mashariki, ambavyo vilikuwa vimejiandaa, vilizuiwa dakika za mwisho visiingie. Kumbukumbu ya wanajeshi wa Kijerumani waliotembea katika barabara za Prague miaka 30 iliyotangulia ingaliondoa utamu wote wa neno 'ndugu'. Hata aliyepanga uvamizi alijua kuwa tasfida ina mipaka yake.

Mpango Ulivyokwama

Jeshi la Kisovieti halikukosea shabaha za kijeshi. Lilikosea hesabu ya maneno. Mpango ulikuwa kwamba usiku huohuo kundi la Biľak lipate wingi katika halmashauri ya juu ya chama, litangaze kuwa limeomba msaada, na liunde serikali mpya chini ya Indra. Kura ilipopigwa, wajumbe saba waliukashifu uvamizi na wanne tu wakakataa kuukashifu. Watatu kati ya hao wanne walikuwa wametia sahihi barua ya mwaliko. Taarifa ya halmashauri ilieleza kwamba majeshi yameingia bila rais, bunge, serikali wala chama kujua. Iliposomwa redioni, ofisa aliyeshirikiana na wavamizi aliamuru mitambo izimwe baada ya maneno machache ya kwanza. Hata hivyo, watangazaji walitafuta njia nyingine, na kulipopambazuka nchi nzima ilikuwa imeisikia.

Wakati huo shirika la habari la Kisovieti, TASS, lilikuwa tayari limeutangazia ulimwengu kwamba viongozi wa chama na serikali ya Chekoslovakia wameomba msaada. Lilipoulizwa ni viongozi gani, halikuwa na jina hata moja la kutaja. Baada ya wananchi kuonyesha hasira yao, walioalika hawakuthubutu kujitokeza. Indra na wenzake walipomwendea Rais Ludvík Svoboda ili aibariki serikali yao, rais huyo mzee, jenerali aliyepigana bega kwa bega na Wasovieti dhidi ya Hitler, alikataa. Tarehe 22 Agosti wajumbe wa chama walikutana kwa siri katika kiwanda kimoja huko Vysočany, Prague, wakathibitisha uongozi wa Dubček. Mwaliko ukabaki bila mwenye nyumba.

Wananchi nao walipigana kwa silaha waliyokuwa nayo, yaani maandishi. Waling'oa vibao vya majina ya barabara na nambari za nyumba ili wavamizi wasijue wamtafute nani wapi. Vibao vya njia panda viligeuzwa, na vingine vikaandikwa kitu kimoja tu: mwelekeo wa Moscow. Vijana walipanda juu ya vifaru wakajadiliana na askari kwa Kirusi walichofundishwa shuleni, wakiwauliza wamekuja kumkomboa nani kutoka kwa nani. Redio za siri ziliendelea kutangaza zikihama kutoka kituo hadi kituo. Mjini Liberec, Havel alikuwa akiandika maoni yaliyosomwa redioni. Mapambano makali zaidi yalitokea nje ya jumba la redio jijini Prague, ambako watu kadhaa waliuawa. Kufikia mwisho wa mwaka huo zaidi ya raia 100 wa nchi hiyo walikuwa wamepoteza maisha kutokana na uvamizi.

Fauka ya hayo, ulimwengu ulizungumza. Romania, mwanachama wa Mkataba wa Warsaw, ilikataa kushiriki na ikaushutumu uvamizi. Serikali ya Tanzania, ambayo nayo ilikuwa ikijenga ujamaa, iliulaani vilevile. Katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa nchi kumi ziliunga mkono azimio la kuulaani, nchi mbili zikapinga na tatu hazikupiga kura. Mojawapo ya zilizopinga ilikuwa Muungano wa Kisovieti wenyewe, uliotumia kura yake ya turufu. Nyingine ilikuwa Hungaria, ambayo ilikuwa imevamiwa na jeshi hilohilo mwaka 1956, na sasa askari wake walikuwa ndani ya nchi ya jirani. Ukitafuta mfano wa kinaya cha hali kwa darasa lako, huu hapa.

Maana ya 'Kwa Muda'

Je, maneno yalishinda vifaru? La, msomaji, tusijidanganye. Yaliuchelewesha ushindi wa vifaru na kuuvua nguo. Dubček na wenzake, wakiwa mikononi mwa waliowateka, walitia sahihi makubaliano ya Moscow tarehe 26 Agosti. Ni František Kriegel peke yake aliyekataa kutia sahihi. Tarehe 16 Oktoba 1968 mkataba mwingine ulitiwa sahihi, ukiruhusu majeshi ya Kisovieti yakae Chekoslovakia 'kwa muda'. Askari wa mwisho aliondoka Juni 1991. Muda huo ulikuwa takriban miaka 23. Wahenga walituambia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; lakini mgeni mwenye kifaru hapewi jembe.

Siku zilezile za Oktoba, Michezo ya Olimpiki ilikuwa ikiendelea jijini Mexico. Wakenya tunaikumbuka kwa dhahabu za Naftali Temu, Amos Biwott na Kipchoge Keino. Katika michezo hiyohiyo, Věra Čáslavská wa Chekoslovakia, bingwa wa jimnastiki na mmoja wa waliotia sahihi Maneno Elfu Mbili, aliinamisha kichwa na kuugeuza pembeni wimbo wa taifa wa Kisovieti ulipopigwa. Hakusema neno. Aliporudi nyumbani, alinyimwa kazi ya maana kwa miaka mingi. Zátopek naye alifukuzwa jeshini na chamani, akaishia kufanya kazi za sulubu.

Tarehe 16 Januari 1969 mwanafunzi wa chuo kikuu, Jan Palach, alijichoma moto katikati ya Prague akipinga hali ya kukata tamaa iliyokuwa imeanza kuwaingia wananchi wenzake. Alifariki siku tatu baadaye. Mwezi Aprili Dubček aliondolewa na Gustáv Husák akashika uongozi. Kipindi kilichofuata kilipewa jina la 'kurejesha hali ya kawaida'. Chini ya jina hilo la upole, zaidi ya wanachama 300,000 walipoteza uanachama wa chama, walimu na wahadhiri walifutwa kazi, na waandishi mamia wakapigwa marufuku. Kundera alihamia Ufaransa mwaka 1975. Tamthilia za Havel hazikuruhusiwa jukwaani. Yeye alifungwa jela, na Dubček mwenyewe akawa mfanyakazi wa idara ya misitu.

Dola lililovamia nalo lilihitaji nadharia ya kuhalalisha lililokwisha kutendwa. Mnamo Septemba 1968 gazeti la Pravda lilidai kwamba uhuru wa nchi moja ya kisoshalisti hauwezi kuwekwa juu ya maslahi ya usoshalisti wote. Leonid Brezhnev alikariri hoja hiyo mwezi Novemba nchini Polandi. Hoja hii ilikuja kuitwa Falsafa ya Brezhnev. Itazame kwa jicho la mhakiki: nani ataamua kwamba maslahi ya wote yako hatarini? Ni yule mwenye vifaru vingi.

Desemba 1989, baada ya miaka 21, serikali za nchi tano zilizokutana Warsaw zilikiri kwa pamoja kwamba uvamizi ulikuwa kuingilia mambo ya ndani ya nchi huru. Mwezi huohuo Havel aliapishwa kuwa rais. Mwaka 1992 serikali ya Urusi ilimkabidhi nakala ya barua ya mwaliko. Sahihi zile tano, zilizofichwa kwa miaka 24, zikasomwa na kila mtu.

Mfano wa Karibu Nasi

Ili tusidhani kwamba kila jeshi linalovuka mpaka ni sawa na jingine, hebu tuyapime haya kwa tukio la kwetu Afrika Mashariki. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivamia eneo la Kagera nchini Tanzania, na Amin akatangaza kwamba ameliongeza kwenye nchi yake. Katika hotuba yake ya Novemba mwaka huo, Mwalimu Nyerere aliwaambia Watanzania kwamba sababu, nia na uwezo wa kumpiga Amin wanavyo. Kauli hiyo haikuwa na tasfida ndani yake. Haikusema 'mazoezi' wala 'mwaliko'. Ilitaja vita kuwa vita.

Hata hivyo, swali gumu lilifuata. Baada ya kumfukuza adui kutoka Kagera, jeshi la Tanzania, pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, liliendelea mbele hadi Kampala na kuiteka tarehe 11 Aprili 1979. Hapo ndipo baadhi ya viongozi wa Afrika, katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Monrovia mwezi Julai, walipouliza kama kanuni ya kutoingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine imevunjwa. Waliomtetea Nyerere walijibu kwamba Amin ndiye aliyeanza, na kwamba mauaji aliyowatendea Waganda hayakuwa siri. Waganda wengi walishangilia barabarani. Lakini Yusuf Lule, rais wa kwanza baada ya Amin, alidumu siku 68 tu, na mrithi wake Godfrey Binaisa akaondolewa Mei 1980, haya yote yakitokea askari wa Tanzania wakiwa bado nchini humo. Waliondoka mwaka 1981.

Tofauti na Prague ni bayana: hapa jirani alikuwa ameshambuliwa kwanza, na sababu ilitajwa hadharani. Mfanano nao upo: kuingia ni rahisi kuliko kutoka, na jeshi la nje likishakaa katika jiji kuu, kila kinachoamuliwa humo huwa na kivuli chake. Mwanafunzi mzuri ataziona pande zote mbili.

Matumizi Darasani

Utafaidi vipi kisa hiki unapofundisha? Napendekeza maswali manne ambayo mwanafunzi anaweza kuyauliza kila anapokutana na jeshi linalovuka mpaka, iwe ni katika tamthilia, riwaya au taarifa ya habari.

Kwanza, nani amealika? Taja jina na cheo. Kitenzi 'kualikwa' kiko katika kauli ya kutendwa, na kauli hiyo hutuwezesha kumficha mtenda. 'Majeshi yaliombwa yaje' ni sentensi sahihi kisarufi, lakini haijasema aliyeomba. Mwanafunzi aliyezoea kuigeuza sentensi ya kutendwa iwe ya kutenda ana silaha mkononi bila kujua.

Pili, jambo limepewa jina gani, na bila jina hilo lingeitwaje? Msaada ni uvamizi? Mazoezi ni maandalizi? Hali ya kawaida ni hofu? Au huenda jina limelingana na tendo, kama 'kukomboa' lilivyolingana mwaka 1945.

Tatu, nani ameondolewa na nani amewekwa? Maudhui ya mamlaka katika tamthilia hujibiwa na orodha ya wahusika wa mwanzo ikilinganishwa na ya mwisho.

Nne, 'kwa muda' ni muda gani? Mwambie mwanafunzi atafute tarehe ya kuingia na tarehe ya kutoka.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba uvamizi wa mwaka 1968 ulijengwa kwa maneno kabla ya kutekelezwa kwa chuma, na kwamba palipokosekana neno moja, yaani sahihi ya mwenyeji halali, mpango uliyumba na uongo ukawa wazi kwa dunia nzima. Havel, Kundera na Vaculík hawakuwa na kikosi hata kimoja. Walikuwa na mazoea ya kuviita vitu kwa majina yake, mazoea yaleyale tunayolipwa kuyafundisha. Wanafunzi walio mbele yako leo ndio watakaosoma matangazo ya kesho. Mmoja wao huenda akawa ndiye anayeletewa barua aitie sahihi. Ni heri awe amejifunza mapema, katika kipindi cha fasihi, kuuliza barua hiyo inasema nini hasa.

Maswali ya Kudurusu

1. Kwa kurejelea uvamizi wa Chekoslovakia, fafanua dhima tatu za tasfida katika lugha ya siasa.

2. "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Jadili kinaya kilichomo katika methali hii kwa kuzingatia barua ya Agosti 1968.

3. Linganisha na kulinganua uhalalishaji wa uvamizi wa 1968 na wa vita vya Kagera vya 1978 na 1979.

4. Chagua tamthilia uliyosoma ambamo kiongozi hutumia lugha kuficha nia yake. Geuza kauli zake tano za kutendwa ziwe za kutenda, kisha ueleze yanayofichuka.